Povu la Mkono wa Kushoto

Mwaka ule mto Ruzizi ulipotoka kwenye kingo zake na kulaza mpunga wa tambarare yote, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndipo shida ilipoingia kwetu ikavua viatu kabisa, kama mgeni asiyefikiria kuondoka. Kabla ya hapo tulikuwa maskini, lakini umaskini si shida. Umaskini una ratiba yake: unajua utakula nini na saa ngapi. Shida haina ratiba.

Ninyi wa rika langu mtanivumilia nikisema mambo bila kuyapaka mafuta. Shule niliiachia darasa la tatu, sikufika kwenye somo la kuzungusha maneno. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Bujumbura na kopo la povu la kunyolea. Unabonyeza juu, linatoka fyuu, jeupe, tayari. Akaniwekea kiganjani ili nishangae. Nikalinusa. Juu kulikuwa na harufu ya ndimu ya uongo, lakini chini yake kulikuwa na sabuni iliyoloa, sabuni tupu, na kichwa changu kikaondoka palepale kikarudi Kavimvira ya zamani. Nikaanza kuhesabu kimya kimya. Sijafika mia moja, povu limeshazama katikati kama chapati mbovu.

"Kijana," nikamwambia, "hili povu lako ni vivu."

Akacheka. Alifikiri bibi yake ameanza kupotea. Hajui kwamba kuna mwaka ambao maisha yangu yote yalikaa juu ya povu, na kama povu lile lingelala, mimi ningelala nalo.

Baba alikuwa kinyozi Kavimvira, hatua chache kutoka bariere, kizuizi cha mpaka wa Burundi. Kibanda chake kilikuwa nguzo nne na turubai, kiti kimoja cha mbao na kioo kilichovunjika pembe. Wafanyabiashara waliokuwa wakivuka kwenda Bujumbura walipenda kupita kwake kwanza, kwa sababu mtu aliyenyolewa hujibu maswali ya bariere kwa sauti nyingine. Vyombo vyake vilikuwa vinne: wembe mrefu wa kukunja, mkanda wa ngozi wa kuunolea, kikombe cha bati, na blero. Blero ni burashi ya kupakia povu. Manyoya yake ni ya mnyama mmoja wa nchi za baridi, na Wafaransa jina la mnyama waliipa burashi. Ile ya baba aliachiwa na Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye baba alimfulia na kumpikia alipokuwa kijana. Manyoya yalikuwa meupe nchani, meusi katikati, laini kuliko shavu la mtoto mchanga.

Wateja walikuwa na utani wao juu ya blero ile. Walisema ni manyoya ya nyegere, na ninyi mnajua sifa ya nyegere, anapenda kumuuma mwanaume wapi.

"Muzee, iyo nyegere yako usiishushe chini ya shingo!" walipiga kelele, na kiti kikatikisika kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Mimi niliamini. Niliamini kabisa kwamba mnyama yuko hai ndani ya mpini, amelala, na baba akimtia kwenye maji ya uvuguvugu anaamka, anakunywa, halafu anapumua. Povu lilikuwa pumzi yake. Nilipompelekea baba chakula cha mchana nilikuwa nasimama mbali kidogo na kile kikombe.

Siku baba alipoanguka sikuwepo. Alikuwa anamnyoa Muzee Ramazani, mfanyabiashara wa chumvi, mtu mrefu mwenye kofia iliyofumwa, ambaye ukoo wake wanasema ulikuja ziwani na misafara ya mababu. Shavu la kulia lilikuwa limekwisha. Baba akahamia la kushoto, akalipaka povu, akainua wembe, wembe ukaanguka, naye akaufuata. Muzee Ramazani ndiye aliyemwinua, akamleta nyumbani kwenye toroli la mizigo, povu likiwa limemkaukia yeye mwenyewe usoni upande mmoja. Siku ile alivuka bariere na nusu ya ndevu.

Baba hakufa. Upande wa kulia wote ulikufa badala yake: mkono, mguu, pembe ya mdomo. Na maneno. Maneno yalikwenda yote, likabaki moja, lile alilokuwa analisema maisha yake yote kila alipomaliza uso wa mtu na kukung'uta taulo: "Bon," yaani sawa. Akitaka maji, bon. Akitaka kugeuzwa, bon. Akiwa na hasira hadi mishipa ya shingo inasimama, bon, bon, bon. Mama alijifunza kuyatofautisha. Mimi ilinichukua muda mrefu, na huo muda ndio nataka kuusimulia.

Mama alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Ndagala peke yake haikututosha watu wanne: baba, yeye, mimi na mdogo wangu Zawadi aliyekuwa na miaka minane. Mwezi wa pili baada ya baba kuanguka, shangazi yangu akaja kutoka Nyakabere, kule tambarare. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, mwanamke mwenye mikono kama majembe. Maji ya Ruzizi yalikuwa yamemlia mpunga wote, naye alikuwa amepanda upya kwa mbegu ya kuombaomba. Alikaa kitako, akanyoosha miguu, akasema bila kuzunguka.

"Mulamu, shemeji yangu, tuseme kweli. Vile vyombo vya ndugu yangu viuzwe. Kuna kinyozi mwenzake, Amisi, anavitaka. Na huyu mutoto mukubwa munipe minye. Mupunga ukitoa masuke, ndege banakuya kama mvua. Minye niko peke yangu. Nikikosa muntu wa kufukuza ndege, nitakula nini? Majani?"

"Na masomo yake?" mama akauliza.

"Masomo! Ndege hawasome, na banashiba."

Ndipo jambo likatokea ambalo hakuna aliyelitazamia. Baba, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, alijiburuta hadi penye sanduku lake, akaligonga kwa mkono wa kushoto. Mama akalifungua. Baba akatoa wembe, akaufungua kwa meno na vidole vya kushoto, akaushika mbele ya uso wa dada yake, akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Bon!"

Shangazi aliutazama ule mkono wa kushoto ulioshika wembe. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya, na hilo nataka lieleweke. "Haya," akasema. "Mupaka mupunga utoe masuke. Akinyoa muntu muzima kwa mukono wa kushoto, bila kumuchinja, vyombo bibaki na mutoto abaki. Akishindwa, ninakuya kumuchukua, na sitaki machozi."

Basi hesabu ilikuwa hiyo. Mpunga shambani Nyakabere, na mkono wa baba Kavimvira, na mimi katikati.

Kinyozi anahitaji mikono miwili, mmoja wa kuvuta ngozi na mmoja wa wembe. Baba alikuwa na mmoja. Kwa hiyo mkono wa pili nikawa mimi: nilimpigia povu, nikalipaka, nikavuta ngozi anaponionyesha kwa kidevu. Ngozi tuliyojifunzia ilikuwa ya papai bichi. Papai bichi ni mwalimu asiyesamehe. Ukilipitishia wembe vizuri linabaki kijani safi. Ukilikwaruza hata kidogo, linatoa machozi meupe palepale, na kila mtu anaona.

Mapapai yetu yalilia kila siku.

Niliona haraka tatizo liko wapi, na halikuwa mkono wa baba. Mkono ule ulikuwa unajifunza. Lakini ulikuwa wa polepole, polepole kama kinyonga, na povu langu halikumsubiri. Nililipaka jeupe, zuri, na kabla hajafika nusu limekwisha kuwa maji na vipande vipande kama ukoko. Wembe unaopita pakavu unachana. Kinyozi mwenye haraka anaweza kufanya kazi na povu lolote. Kinyozi wa polepole anahitaji povu linalokaa.

Nilijaribu yote. Nilipiga kwa nguvu kama mtu anayepiga mayai, povu likajaa hewa, likapasuka. Nilizidisha sabuni, likawa zito kama uji na kukauka upesi zaidi. Siku moja nikachemsha maji hadi yakaruka nikamtia blero humo, nikisema huenda mnyama amelala sana, anahitaji kuamshwa kwa nguvu. Manyoya kumi na mawili yakabaki kikombeni. Baba alinipiga kofi kwa ule mkono mzuri, na lilikuwa kofi zima, halikuwa na kupooza ndani yake.

Na kila asubuhi kabla ya kuanza, kulikuwa na jambo lililoniumiza kuliko kofi. Nilikuwa nachota maji ziwani, karibu tu, hatua mia kutoka mlangoni, nayapasha, nayaleta kikombeni. Baba anatia kidole, anakisugua na kidole gumba, halafu anasukuma kikombe kinamwagika. "Bon!" Nachota mengine, anamwaga. "Bon! Bon!" Mara ya tatu anachoka, anageuza uso, ananiacha nipige povu langu linalokufa.

Mimi nilielewa hivi: hanitaki. Alitaka mtoto wa kiume mahali pangu. Na Amisi, yule kinyozi aliyevitaka vyombo, alinisaidia kuelewa vibaya. Alikuwa anapita nyumbani kila baada ya siku chache, eti kumsalimia mgonjwa, macho yakiwa kwenye wembe.

"Mutoto wa kike anapiga povu?" alisema. "Povu inajua mukono. Mukono wa mwanamuke ni baridi, sabuni inakataa."

Watoto wa jirani nao walipata wimbo. Nikipita na papai chini ya kwapa: "Kinyozi ya mapapai! Kinyozi ya mapapai! Na ndizi unanyoaka?" Zawadi aliwarushia mawe. Mimi nilijipaka majivu mikononi usiku ili ipate joto, nikalala nimeiweka katikati ya mapaja. Asubuhi povu likafa vilevile.

Habari kutoka tambarare ikafika kwa wachuuzi: mpunga umebeba mimba. Mnajua maana yake. Wiki mbili, tatu, masuke.

Hapo nikamkumbuka yule mwanamke.

Nieleze. Miaka yote, kabla ya jua, baba alikuwa anachukua bidon, dumu dogo la maji, na kupanda kando ya mto mdogo wa kwetu, kuelekea mlimani, na kutoka huko anakwenda moja kwa moja kibandani. Wanawake wa jirani waliliona, na mdomo wa jirani haufungwi na kitambaa. "Muntu gani anaacha ziwa mulangoni anaenda kutafuta maji kwenye milima? Kule iko mwanamuke. Bidon ni ya kudanganya macho." Walisema wakijua mama anasikia. Mama alipanga ndagala zake, hakujibu. Mimi nilisikia, nikaamini, nikamtengeneza yule mwanamke kichwani: mnene, ana hereni, ana mtoto wa kiume.

Nikajiambia: kama baba hanitaki mimi, huyo mwanamke anamtaka. Basi atakuwa anajua mambo yake. Baba atakuwa alimfundisha. Nitakwenda, nitamwambia akitoe kile alichopewa, maana sisi ndio tunaomwosha na kumgeuza, na yeye anakaa tu huko na hereni zake.

Nikaondoka asubuhi bila kuaga. Nikapanda kando ya mto hadi nyumba zikaisha, hadi mawe yakawa makubwa na maji yakaanza kusema. Pale, kwenye kidimbwi, alikuwepo mwanamke anafua mashuka. Mmoja tu. Hakuna mwingine. Alikuwa mzee kuliko bibi yangu, meno mawili juu, hana hereni.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, sikuweza kurudi nyuma. Nikasimama, mikono kiunoni.

"Ni weye mwanamuke ya baba yangu?"

Akaacha shuka. "Baba yako ni nani?"

"Kinyozi ya bariere."

Yule bibi aliniangalia toka chini hadi juu, halafu akacheka, akacheka hadi akakaa ndani ya maji, shuka likaanza kwenda na mto, ikabidi nikimbie nilikamate.

"Ee Mungu wangu," akasema akijifuta macho. "Kumbe ningali na bei! Mama yako anajua?"

"Kila muntu anajua."

"Kila muntu ni muongo. Sikiliza, mutoto. Baba yako alikuwaka anakuya hapa kila asubui, ananisalimia, anapanda kidogo pale juu, anachota maji, anashuka. Basi. Hata chai yangu hajanywa. Sasa iko wapi? Namuona amepotea."

Nikamwambia. Akasema pole, pole sana. Kisha nikamuuliza kwa nini baba apande hadi huku wakati ziwa lipo.

"Weye haufue nguo?"

"Ninafua."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Na sabuni inaisha upesi?"

"Inaisha."

"Na juu ya maji kunabaki kitu kama maziwa iliyoharibika?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tangu nizaliwe kilikuwa kinabaki, na nilidhani ndio uchafu wa nguo.

"Ziwa inakula sabuni," akasema. "Ni ziwa ya kutoa samaki, haikuumbwa ya kufulia. Minye nafua mashuka ya bantu na kipande kidogo kama hiki, wiki nzima. Kule chini ningemaliza miche miwili. Baba yako alijua. Akaniomba nisiseme kwa muntu, sababu ya vinyozi wenzake. Weye si muntu, weye ni damu yake."

Nilishuka ule mlima na bidon imejaa kichwani, nikilia na kutembea haraka pamoja. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu ya kikombe kilichomwagwa, asubuhi zote zile. Alikuwa ananiambia kitu kimoja, na mimi nilikuwa nasikia kingine.

Nyumbani nikapasha maji. Sikuyachemsha, niliyapasha tu hadi kidole kinakaa bila kukimbia. Nikaweka kikombe mbele ya baba. Akatia kidole, akakisugua na kidole gumba. Akakaa hivyo. Akatia tena. Kisha akanishika kifundo cha mkono na ule mkono wake mmoja, hakuniachia, akaanza kunifundisha.

Nitawaambia, sababu siku hizi hakuna anayejua. Blero unailowesha kwanza, unaiacha ndani ya maji ya uvuguvugu hadi manyoya yawe mazito. Unaitoa, unaikung'uta mara mbili. Mara tatu ni nyingi, mara moja ni kidogo. Unaizungusha juu ya sabuni bila kuikandamiza. Ukiikandamiza unavunja manyoya katikati na povu linabaki tumboni mwake. Unazungusha hadi inashika kitu kizito, kinachong'aa kidogo. Hapo watu wengi wanafurahi na kuacha, na hapo ndipo kazi inaanza. Unachovya ncha za vidole kwenye maji, unadondosha matone mawili, unazungusha. Matone mawili tena, unazungusha. Povu linakunywa polepole. Ukilinywesha kwa pupa linatapika. Mwishoni halina tena matundu ya kuonekana, ni laini, linasimama, na ukiinua blero linabaki na pembe.

Kipimo chetu kilikuwa punje ya mpunga. Unaiweka juu ya povu. Baba ananyoa papai zima, polepole kama kinyonga, na akimaliza tunaangalia: punje imezama au bado iko juu? Siku ya kwanza ya maji ya mlimani ilizama nusu. Siku ya tano ilikaa juu kama imelala kitandani. Papai lilibaki kijani.

Mama nilimwambia jioni ya siku ile niliyoshuka mlimani habari ya yule bibi wa meno mawili. Alikuwa anakaanga. Alishusha sufuria, akaketi, akajifunika uso na kitenge, mabega yakatikisika. Sikujua kama anacheka au analia. Miaka saba alikuwa ameuonea wivu mto. Kisha akanyanyuka, akaenda akamkalia baba karibu, akampiga kwa kitenge begani, pa, pa, pa. "Mwanaume mubaya weye. Mwanaume mubaya." Na baba, pembe moja ya mdomo ikapanda.

Shangazi alikuja siku ya soko, na suke moja la mpunga mkononi kama polisi na karatasi. "Mulamu, yametoka. Muntu wa kunyolewa iko wapi?"

Tulikwenda kibandani. Turubai lilikuwa limechanika, tulikuwa tumelishona. Watu walijaa, kwa maana habari ya kinyozi aliyepooza akishika wembe ni bora kuliko mpira. Lakini kiti kilikaa kitupu. Mama aliomba huyu, akaomba yule. Kila mwanaume akajishika shingo.

"Minye nilioa juzi," mmoja akasema, "bibi angali ananihitaji na kichwa."

Amisi alikuwa amesimama mbele kabisa. "Ndugu zangu, ni huruma, lakini kazi ni kazi. Mumpe pole, mumwache apumzike."

Shangazi akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, haukuwa na hasira. Nilielewa kwamba ameshaanza kuondoka na mimi.

Ndipo watu wakafunguka, akapita Muzee Ramazani na kofia yake. Akaivua, akaining'iniza kwenye nguzo, akaketi.

"Huyu muntu," akasema kwa sauti ya sokoni, "alinitoa hapa na shavu moja. Nilivuka nusu mwanaume nusu mbuzi, Burundi yote ilinicheka. Nimekuya kudai shavu yangu ya pili. Mutoto, paka."

Nikapaka. Povu lilikaa shavuni kama limeandikwa. Baba akaegemea nguzo, akashusha wembe, akaanza. Mnajua upepo wa saa tisa unaotoka ziwani. Ulikuja tukiwa kwenye taya, na ulikausha kila kitu, midomo ya watu, mate ya Amisi. Nikaona ukingo wa povu unaanza kufifia. Sikumngoja baba. Nikachovya vidole, matone mawili, nikapitisha blero kwa wepesi, likanyanyuka. Baba hakunitazama, wembe ukaendelea, krr, krr, krr. Nilivuta ngozi pale kidevu chake kiliponielekeza. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto analia, akamtia titi bila kuangalia.

Chini ya sikio, mwishoni kabisa, kilitokea kidoti kimoja chekundu. Kimoja. Shangazi alikiona kabla yangu.

Muzee Ramazani akajigusa, akaangalia kidole. "Ile ni mbu," akasema. Akavaa kofia. "Alhamisi ninarudi."

Amisi akaondoka kabla watu hawajaanza kupiga makofi. Wawili waliokuwa wamejishika shingo wakasogea. Yule aliyeoa juzi alikuwa wa tatu.

Sasa naweza kuishia hapo, na ningekuwa shujaa. Lakini nimesema sitapaka mafuta. Jioni ile shangazi alikula nasi, akanawa, akasema: "Ndugu yangu, umeshinda. Nimesema, na neno yangu haina miguu miwili. Mutoto atabaki, na vyombo bibaki." Akakung'uta mikono. "Lakini ndege banakuya kesho. Minye sikushinda kitu."

Ilikuwa kweli. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na mwanamke mmoja hawezi kukimbia pembe nne za shamba. Baba alikuwa anaangalia mkeka. Mama alikuwa anaangalia mikono yangu, mikono ambayo sasa ilikuwa na kazi na haikuweza tena kutolewa.

"Nitaenda minye," Zawadi akasema.

Alikuwa anafikiri ni safari. Alifunga nguo yake moja, akaniambia mimi dada yake mlangoni, "Yaya, usinyoe mapapai yote, uniachie moja." Alipaswa kukaa hadi mavuno. Alikaa hadi alipoolewa. Kila msimu kulikuwa na ndege, na kila msimu shangazi alikuwa amezeeka zaidi. Shule hakuiona tena. Mimi niliacha darasa la tatu kwa kazi yangu. Yeye alitolewa la pili kwa kazi yangu hiyohiyo.

Baba alinyoa kwa mkono wa kushoto miaka tisa. Alipokufa nilishika wembe mwenyewe, mwanamke wa kwanza mwenye kiti pale bariere, na waliokuja kucheka walirudi kunyolewa. Nilikimbia vita mara tatu, na mara tatu nilirudi nikaanza na kiti kimoja. Ziwa lilipopanda miaka hii likala nyumba za chini, yangu ikiwemo. Nikajenga juu. Hakuna aliyenipa tofali.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, mabati yake sikukopa. Nina saluni mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, viti saba. Nina tangi la kukingia maji ya mvua. Nina pikipiki mbili zinazobeba watu, na watoto wanne niliowasomesha hadi diploma. Nina kaburi la baba na la mama, yote ya saruji. Nina shamba la mpunga Nyakabere, ila karatasi zake zina jina la Zawadi. Nilipompelekea hakusema asante, akaziweka chini ya mkeka, akaniuliza kama nimekula. Na juu ya shamba lile nina wavu wa ndege, mpana wa kulifunika lote, nilioununua Bujumbura na kuufunga mwenyewe kwenye miti, pembe hadi pembe. Tangu uwepo, hakuna mtoto aliyekaa pale.